Maswali ya Wasomaji: Gari la Michezo au Sedani ya Zamani?

SWALI: Nina watoto wawili wa shule ya msingi na nafasi ya gari moja tu. Nachagua kati ya Toyota GR86 mpya na Peugeot 504 ya 1974 iliyokarabatiwa. Fundi wangu anasema la zamani halisumbui kwa sababu halina kompyuta. Ni kweli?

JIBU: Fundi wako kasema nusu. Uzito wa magari haya unakaribiana, lakini injini ya GR86 ya lita 2.4 inatoa zaidi ya nguvu za farasi 225, na ile ya 504 ya lita 2 yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) haifiki 100. Kwa mbio hakuna ubishi. Barabara ikiharibika mambo yanageuka: tairi la GR86 la 215/40 R18 lina ubavu wa mm 86 tu, la 504, 175 R14, lina karibu mm 140. Shimo ambalo 504 inalipita bila neno linaweza kupinda ringi ya GR86.

Kuhusu kompyuta, 504 haina, kwa hiyo kazi yake utaifanya wewe kwa mkono. Kisigino cha pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) ndani ya distribyuta, kigawa umeme wa plagi, hulika, mwanya unapungua, cheche inachelewa, gari linakuwa zito mlimani na linakula mafuta. Kila km 5,000 hivi fungua kofia ya distribyuta, zungusha injini mpaka pointi ziachane kabisa, pima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya): mm 0.4. Ukigusa mwanya, panga na taiming, yaani wakati wa cheche, upya. Wengi wanaishia kwenye mwanya, kisha wanailaumu kabureta bure. GR86 haidai hayo, ila taa ya injini ikiwaka usimruhusu mtu abadilishe sensa kwa kubahatisha. Makosa yasomwe kwanza kwa mashine.

Kwa watoto hatulegezi msimamo. 504 ya miaka hiyo haina mifuko ya hewa wala ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga), na nyingi hazina mikanda nyuma. GR86 inavyo vyote, lakini kiti cha nyuma ni finyu mno. Wapandishe watoto na viti vyao kabla hujalipa. Wasipoenea, yaache yote mawili.

SWALI: Nikienda kuikagua 504 nianzie wapi?

JIBU: Chini. Bodi yenyewe ndiyo fremu, kwa hiyo kutu kwenye vizingiti vya milango na sakafu ni ugonjwa wa gari zima. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiponata, hapo pamezibwa kwa pati, si bati. Kisha injini: bloku ni ya chuma na silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachokaa juu yake, ni ya aluminiamu, ikichemka sana hedi hupinda na gasketi huungua. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta na uwashe. Mapovu yasiyokoma, au utando wa rangi ya chai ya maziwa kwenye kifuniko cha oili, ondoka.

SWALI: Gari langu la michezo likikaa wiki tatu betri inaisha. Kwa nini?

JIBU: Alamu na kompyuta zake hula umeme hata limezimwa. Lifunge, subiri nusu saa, pima mkondo kwa maltimita. Chini ya milliampia 50 ni kawaida, basi liunganishe na chaja ya kutunzia betri. Mkondo ukizidi hapo, chomoa fyuzi moja moja mpaka ushuke: saketi ya fyuzi hiyo ndiyo inayovuja.