Kusaka vikopo kwa simu, naanzia wapi?

SWALI: Asalaam alaykum dada, mie nakaa Michenzani, binamu yangu kaja likizo kanionesha jiokashingi, ule mchezo wa kusaka vikopo vilofichwa kwa kufata GPS, yaani setilaiti zinazokuonesha ulipo. Nimeupenda kweli. Lazima ninunue mashine?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Usinunue kitu, simu yatosha, pakua programu yake, fungua akaunti ya bure, vikopo vitatokea kwenye ramani. Mchezo huu ulianza Marekani Mei 2000, serikali yao ilipoacha kuivuruga makusudi GPS ya raia, hapohapo bwana mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo huko Oregon akatangaza namba za mahali.

Ila Mji Mkongwe utakuhangaisha, maana vichochoro vyembamba na kuta ndefu, mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta yanarudi, basi mshale wa kwenye simu unakuzungusha tu. Ukibakisha kama mita kumi tia simu mfukoni utumie macho, angalia nyuma ya bomba, chini ya ngazi, chochote kilokaa si mahali pake. Lakini tafadhali sana usibandue jiwe wala chokaa, kuta zile zimechoka! Na mzee alokaa barazani mwamkie kwanza umwambie unatafuta nini, usipekue kwenye mlango wa mtu kimyakimya.

Ukikipata, andika jina na tarehe kwenye kikaratasi cha ndani (peni ubebe mwenyewe), kirudishe palepale. Ukichukua kitu kilomo ndani acha chenye thamani ileile au zaidi, chakula usiweke, siafu watakimaliza.