Kazi Niliyoisikia Kwenye Benchi la Hospitali

Kazi ninayoifanya leo sikuiona kwenye tangazo lolote. Niliisikia hospitalini, nikisubiri kuitwa, kutoka kwa mama mmoja tuliyebanana naye kwenye benchi. Tulianza kwa kulalamikia foleni, tukahamia kwa watoto, kisha kazi. Akaniambia karani wa ofisini kwao anastaafu mwisho wa mwezi. Rafiki zangu wote walijua natafuta kazi, lakini hakuna aliyekuwa na habari hiyo. Si kwamba hawakunijali. Tunakaa pamoja kila siku, kwa hiyo wanayoyasikia wao ndiyo hayo hayo ninayoyasikia mimi.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliliona jambo hili katika utafiti aliouchapisha 1973. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu walikuwa wakionana naye mara ngapi. Zaidi ya nusu walisema mara moja moja, karibu asilimia 28 mara chache sana, na walioonana naye mara kwa mara hawakufika hata asilimia 17.

Kwa hiyo ukikaa kwenye foleni, toa hedifoni masikioni. Salimia. Kituo cha basi kinafaa kwa habari za njia, maana anayeshuka ametoka huko sasa hivi. Saluni ya kusuka ni hazina zaidi: watu wanakaa saa kadhaa, na mazungumzo yanapata muda wa kufika ndani. Kinyozi naye hupokea watu wa kila aina kutwa nzima, kwa hiyo ukitafuta chumba au fundi mzuri, mwambie. Atakuulizia.

Ila kwa kinyozi huko huko ndiko nilikoumia. Nilisikia kwamba muda wa kupeleka maombi fulani umeongezwa kwa wiki moja, nikatulia. Nilipokwenda, dirisha lilikuwa limefungwa. Muda uliongezwa kweli, lakini kwa kundi jingine la waombaji. Aliyenipa habari aliipata kwa shemeji yake, shemeji aliipata kwa jirani, na hilo neno la "kundi jingine" likadondoka njiani. Hakuna aliyenidanganya, na ndiyo maana iliniuma sana.

Wanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walieleza mwaka 1947 jinsi walivyomwonyesha mtu picha, akamsimulia mwenzake, naye akamsimulia mwingine. Ilipofika kwa mtu wa tano au wa sita, karibu asilimia 70 ya mambo madogo madogo yalikuwa yamepotea. Na mara nyingi hayo madogo ndiyo unayoyahitaji: nani, wapi, mwisho lini.

Tangu siku hiyo nauliza, kwa upole: "Samahani, uliona mwenyewe au uliambiwa?" Mtu akisema aliambiwa, naichukua habari lakini naenda kuthibitisha panapohusika. Habari za dawa sizichukui benchini kabisa. Huko nauliza tu dirisha lipi linaanza kufunguliwa na siku ipi ina watu wachache. Na ugonjwa wa mtu nilioupata kwa kusikia, siutoi mdomoni mwangu.

Yule mama wa hospitalini nilimuuliza swali lile lile. Akasema meza ya huyo karani inatazamana na yake, na kwamba yeye ndiye aliyeichapa barua ya kumuaga. Kesho yake asubuhi nikapeleka maombi yangu.