Kibarua wa kiwandani ana haki?

Ndugu, umeuliza kama kibarua wa Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, anayelipwa jioni kwa jioni, ana haki yoyote. Anazo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37: ukifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, wewe si kibarua tena, na hufukuzwi bila notisi. Ndiyo maana wengine "hupumzishwa" mwezi ukikaribia kutimia, ujanja wa zamani huo. Ili niweze kuthibitisha siku zangu, mimi niliweka kijidaftari mfukoni: tarehe, zamu, msimamizi alikuwa nani. Ukiumia, fidia ni mzigo wa mwajiri, kwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007. Ripoti siku hiyo hiyo, hata kama mashine imekuchuna kidole tu.