Tiketi saa sita, simu saa tano: mamangu atakaa angani muda gani?

SWALI: Assalaam aleikum. Mamangu yuaenda Dubai kwa dadangu, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Tiketi yasema atoka Nairobi 16:35 afika 22:35, nikahesabu saa sita, kucheki kwa simu naona tano, na ya kurudi nikihesabu ni saa nne tu! Ama kurudi ni mteremko? Na Mombasa mpaka Dubai ni kilomita ngapi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam. Umenichekesha na huo mteremko. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, na kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake, ya kuondoka ni ya Nairobi na ya kufika ni ya Dubai, kwa hivyo akienda toa moja, akirudi ongeza moja, zote zaja tano. Angekuwa aenda Jeddah kwa Umra usingesumbuka, maana saa zetu na zao ni sawa.

Kilomita, ukipima moja kwa moja kutoka Mombasa ni kama 3,700, lakini mama hapiti huko, ataanza kupanda bara mpaka Nairobi, kama 420, ndio aanze nyengine kama 3,550 za Dubai. Na usigawe hizo kwa spidi ya 850 ukapata saa nne na kitu ukadhani waibiwa, tiketi huhesabu tangu ndege iachie geti mpaka isimame geti la pili, kutambaa chini na kungoja zamu ya kuruka mote mumo.

Mie kinachonitia wasiwasi ni hio 16:35. Mwambie mama ni saa kumi na dakika thelathini na tano za jioni, toa sita basi. Mbaya zaidi ni tiketi za 04:30, mtu asoma saa nne na nusu, aamka taratibu, chai na mahamri, kumbe ndege ilishaondoka saa kumi na nusu alfajiri na pesa zimekwenda.

Sasa kufika Nairobi. Kaunta awepo saa tatu kabla, yaani saa saba na nusu mchana, na SGR kutoka Miritini mpaka Syokimau yala saa tano mpaka sita, so treni ya siku hio hio ni kujitafutia presha, apande jana yake alale huko. Ama achukue ndege ya asubuhi hapa Moi, angani ni kama dakika 45, ila nyinyi wa Likoni msitegemee feri, piteni barabara ya Dongo Kundu. Ikiwezekana safari zote mbili ziwe tiketi moja, hapo mabegi hukabidhiwa Mombasa yakachukuliwa Dubai, na ndege ya kwanza ikichelewa ni wenye ndege wa kumtafutia nyengine.

Dadako naye asiongeze wala kutoa kitu, 22:35 ni saa nne na dakika thelathini na tano usiku za huko huko, ampe mama kama saa nzima ya pasipoti na mizigo kabla hajaanza kupiga simu.