Mikononi mwako: barua kwa mwanangu

Mtwara, Novemba

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara nyingi, na kwa kuwa swali lako halijibiki kwa maneno mawili ya simu, nimeona nikuandikie kwa utulivu. Umesema kwamba majirani zetu Waislamu walimsomea baba yako hitima, ndugu zangu wa Masasi wakamwombea katika misa yao, lakini sisi tulio kanisa lake tuliimba, tukasikiliza mahubiri, tukamzika na kurudi nyumbani bila kumwombea hata neno moja. Ukaniuliza: "Mama, wewe ulipata faraja gani pale?" Umesema pia kuwa swali hilo limekufanya usikanyage kanisani huko Mwanza tangu Machi. Sikukukasirikia. Nilichohuzunikia ni kwamba umelibeba peke yako muda mrefu namna hiyo.

Swali hilo, baba, lilikuwa langu kabla halijawa lako. Unajua kwamba nimelelewa katika Uanglikana wa Masasi, ule ulioletwa na Misheni ya Vyuo Vikuu mwaka 1876, na katika kanisa la utoto wangu marehemu walikumbukwa kwa misa na ubani, na mwezi kama huu wa Novemba majina yao yalisomwa mbele ya madhabahu. Nilipoolewa na baba yako, bwana kilimo kijana aliyeletwa huku kutoka Njombe kwa kazi ya mikorosho, niliingia katika usharika mdogo wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambao wengi wa washarika wake walikuwa wageni kama yeye, watumishi wa serikali na wafanyabiashara kutoka mikoa ya mbali. Bibi yako alipofariki, nilikaa na kilio changu wiki nzima, kisha nikamuuliza baba yako kwa uchungu kama Walutheri hawana lolote la kumfanyia mtu wao aliyekufa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hatuna la kumfanyia, kwa sababu hakuna lililobaki kufanywa."

Siku ile neno hilo liliniudhi. Niliona kama mlango umefungwa mbele yangu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba baba yako alikuwa akinitua mzigo.

Unakumbuka, tangu ulipokuwa kipaimara, kwamba Martin Luther alitoa hoja zake 95 tarehe 31 Oktoba 1517. Huenda hukuambiwa wazi, au hukusikiliza kwa kuwa ulikuwa na miaka kumi na minne, kwamba ugomvi ule ulihusu wafu na wafiwa. Wahubiri wa vyeti vya msamaha waliwaambia watu kwamba fedha ikilia ndani ya sanduku, roho ya mzazi wao inatoka katika mateso ya toharani. Hebu fikiri juu ya mjane anayesikia hivyo. Akitoa fedha leo, atajuaje kama zimetosha? Akikosa za kutoa kesho, atalalaje akiamini kwamba mumewe anateseka kwa sababu ya umaskini wake? Luther alikuwa mchungaji wa watu wa namna hiyo, na jibu lake lilikuwa kwamba deni limelipwa na Kristo msalabani, lote, na kwamba mtu aliyekufa akimtegemea Kristo hasubiri sisi tuliobaki tumalizie chochote.

Hata hivyo si kweli kabisa kwamba hatukumwomba Mungu kwa ajili ya baba yako. Tulimshukuru Mungu kwa maisha yake, tukamkabidhi mikononi mwake. Wala kanisa letu halikukataza moyo wa mfiwa kulia mbele za Mungu kwa ajili ya mtu wake. Mwaka 1528 Luther aliandika kwamba si dhambi mtu kumwomba Mungu, kwa hiari yake mwenyewe, airehemu roho ya marehemu ikiwa inaweza kusaidiwa, ila akishafanya hivyo mara moja au mbili, basi na iwe imetosha. Na mwaka 1531 waandishi wa utetezi wa Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri, walisema waziwazi kwamba sala kwa ajili ya wafu hawaikatazi. Walichokataa ni kuifanya biashara, na kuifanya ibada igeuke malipo. Kwa hiyo ukiamka usiku huko Mwanza ukamtaja baba yako mbele za Mungu, usidhani umevunja imani yako. Sema unachotaka kusema, kisha ulale.

Kuhusu majirani, naomba usiweke jambo lao na letu kwenye mizani. Vijana wa msikiti wa mtaa wetu ndio waliochimba kaburi pamoja na wazee wa kanisa, mvua ya Februari ikinyesha na mchanga ukiporomoka, na mama zao ndio waliopika chini ya turubai siku tatu. Waliposoma hitima walitupa kilicho bora kuliko vyote walivyo navyo, na sisi tulipofika siku ya arobaini tukafanya ibada ya shukrani, wakaja wote wakakaa mkekani. Huku kwetu kusini msiba hauna dhehebu. Lakini upendo wao, ambao sitausahau, si kitu kilekile na faraja uliyoniulizia.

Sasa nikueleze kilichotendeka katika ibada ile, kwa sababu nadhani ulikuwa umesimama pale bila kusikia, kama mimi. Ulilalamika kwamba mchungaji alimsema baba yako kidogo sana. Wasifu wake ulisomwa na baba yako mkubwa, na ulikuwa mrefu wa kutosha: shule alizosoma, vijiji vya Newala na Tandahimba alikofundisha watu kupulizia salfa mikorosho, tarehe aliyostaafu. Mchungaji alipopanda kuhubiri aliyaacha hayo yote akaanza na ubatizo wake, akisema kwamba mtu huyu alibatizwa akiwa mtoto mchanga, na kwamba kwa mujibu wa Warumi sura ya sita alikwisha kuzikwa pamoja na Kristo siku ile, miaka sabini na moja kabla ya kufika kaburini. Nilitaka amsifu. Nilitaka aseme jinsi alivyokuwa mpole, jinsi alivyokulea. Leo namshukuru kwamba hakujenga matumaini yetu juu ya upole wa baba yako, kwa kuwa mimi niliishi naye miaka arobaini na moja, na nilijua pia siku ambazo hakuwa mpole, na yeye alizijua zaidi yangu. Kama tumaini lingetegemea wasifu, ningetoka makaburini nikihesabu mema na mabaya yake usiku kucha.

Kisha mchungaji alitupa udongo mara tatu juu ya jeneza: alisema kwamba ametoka mavumbini, kwamba atarudi mavumbini, na kwamba kutoka mavumbini atafufuliwa. Ukiangalia vizuri, mwanangu, maneno mawili ya kwanza kila mtu aliyekuwepo aliyaona kwa macho yake. La tatu hakuna aliyeliona. Lilisemwa kwa sauti ileile, na udongo uleule, na mkono uleule, kama jambo lenye uhakika sawa na yale mawili. Ibada yetu huweka neno hilo la tatu hapo hapo shimoni, haingoji mpaka moyo wa mfiwa uwe tayari kulipokea.

Nami sikuwa tayari. Nakuandikia ukweli: siku ile sikuhisi faraja yoyote. Niliimba bila sauti, Yohana 11 ikasomwa, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima," na maneno yalipita juu yangu kama upepo wa bahari unavyopita juu ya paa. Kwa wiki kadhaa nilijilaumu kuwa imani yangu imekwisha. Mke wa mchungaji ndiye aliyenisaidia, si kwa mawaidha, bali kwa kunisimulia habari za Magdalena, binti wa Luther, aliyefariki mwaka 1542 akiwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alipiga magoti kando ya kitanda chake akilia, akamuuliza kama angependa kubaki na baba yake hapa au kwenda kwa Baba yake aliye kule, na mtoto akajibu kwamba iwe kama Mungu apendavyo. Alifia mikononi mwa baba yake. Baada ya hapo Luther alimwandikia rafiki yake kwamba yeye na mkewe walipaswa kumshukuru Mungu kwa mwisho mwema kama ule, lakini hawakuweza kufanya hivyo bila kulia na kuugua, kwa jinsi upendo wa mzazi ulivyo na nguvu. Mtu aliyewafundisha mamilioni juu ya ufufuo alikiri kwamba moyo wake ulikuwa nyuma ya imani yake. Niliposikia hayo nilipumua. Nilielewa kwamba faraja tunayopewa katika ibada haikai kwanza ndani ya hisia zangu. Iko nje yangu, katika kile Kristo alichokifanya na katika maji yaliyomwagwa juu ya kichwa cha baba yako, mahali ambapo huzuni yangu haiwezi kuifikia na kuiharibu. Hisia huja baadaye, au huja kidogo kidogo, na siku nyingine haziji.

Kuna jambo sijakusimulia kuhusu usiku wake wa mwisho wodini, kwa sababu wewe ulikuwa bado njiani. Unajua baba yako hakuwahi kulala bila sala ya jioni ya Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha mafundisho cha Luther cha mwaka 1529, inayomshukuru Mungu kwa kutulinda siku nzima, inaomba msamaha, na kuweka mwili na roho na vitu vyote mikononi mwake. Mlipokuwa wadogo mlichoka nayo. Mwisho wake kuna agizo ambalo nilikuwa naliona la ajabu, kwamba baada ya hapo mtu alale upesi na kwa moyo mchangamfu. Usiku ule pumzi ilikuwa fupi, hakuweza kuimaliza, basi mimi nilisema na yeye akafuata kwa midomo. Tulipofika "mikononi mwako" alinibana kidole. Kisha akalala, na alfajiri alikuwa ameondoka. Luther naye, alipokuwa akifa kule Eisleben Februari 1546, alirudia maneno hayohayo ya Zaburi ya 31. Siku zile za kwanza nilifikiri baba yako alikuwa akisali sala ya usingizi tu kwa miaka yote ile. Sasa naona kwamba kila jioni alikuwa akijifunza kufa, mbele ya macho yetu, akiwa na kanga yangu mabegani na taa ya kandili mezani, na ulipofika usiku wenyewe hakuwa na jambo jipya la kujifunza.

Faraja niliyoihisi, kama unataka niitaje siku yake, ilinijia Jumapili ya nne baada ya mazishi, siku ya Chakula cha Bwana. Nilikuwa sitaki kwenda mbele. Miaka yote nilipiga magoti upande wake wa kushoto, na sikujua niweke wapi mkono wangu wa kulia. Mchungaji alipofika katika yale maneno ya liturujia kwamba tunamsifu Mungu pamoja na malaika na jeshi lote la mbinguni, ambayo nimeyasikia nisijue ni mara ngapi, niliyasikia kwa mara ya kwanza. Nikakumbuka pia jambo alilowahi kutueleza mchungaji wetu mstaafu, kwamba katika makanisa mengi ya Kilutheri ya Ulaya ya kaskazini sehemu ya kupigia magoti mbele ya madhabahu hujengwa kwa umbo la nusu duara, na waumini hufundishwa kwamba nusu ya pili iko upande ule tusiouona, na wamepiga magoti huko waliotutangulia. Letu ni benchi lililonyooka la mninga. Hata hivyo nilipiga magoti nikaacha nafasi yake ya upande wa kulia wazi, na mzee wa kanisa alipotaka kuwasogeza watu niliomba aiache. Sikumwombea baba yako pale. Nilikula pamoja naye.

Ndiyo maana nakusihi urudi kanisani, hata kama utakaa kiti cha nyuma bila kuimba. Usingoje mpaka uhisi kitu. Wengine watakuimbia mpaka utakapoweza, kama walivyoniimbia mimi.

Umesema utapata likizo Desemba. Njoo kabla mvua hazijakolea, maana msalaba wa mbao umeanza kuinama na fundi amesema tuukaze kwa saruji mapema. Tutakwenda makaburini asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, na nitakuomba unisomee Zaburi ya 130, "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia," kwa sababu ndiyo aliyoiwekea alama katika Biblia yake, na mimi bado sijaweza kuisoma mpaka mwisho kwa sauti.

Ni mimi mama yako,
ninayekupenda.