Kishikwambi, mwanangu na sikio la kushoto

Kwa wiki tano kishikwambi chenye programu ya kujifunzia kilikuwa kikimrudisha mwanangu mwanzo kabisa wa sauti za herufi, na kwa wiki hizo tano mimi nilikuwa nakiamini.

Alikuwa na miaka saba. Ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza; alitembea akikaribia miaka mitatu, na maneno yake ya kueleweka wakati ule hayakuzidi arobaini. Namba alikuwa anakwenda nazo vizuri tu. Sauti ndizo zilizotushinda. Programu inasema "ba", yeye anagusa "da". Inasema "pa", anagusa "ba". Akikosea mara tatu nne inamshusha ngazi, akikosea tena inamshusha nyingine, mpaka tukajikuta tumerudi kule kwenye "a" na kasuku anayepiga mbawa. Usiku nikamwambia baba yake, basi, hapa ndipo uwezo wake ulipoishia, tushukuru kwa hizo namba.

Aliyenitoa gizani ni mwalimu wake wa kitengo cha mahitaji maalumu. Nilimpelekea kishikwambi aone ile grafu ya maendeleo inavyoporomoka. Hakuitazama hata nusu dakika. Akauliza, "Mama, masikio mlipima lini?"

Hatukuwahi kupima. Moyo tulipima, macho tulipima, masikio tulisema anasikia, maana ukimwita anageuka. Daktari akakuta majimaji yamekwama nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, la kushoto likiwa baya zaidi. Akatueleza kwamba watoto wenye hali hii njia zao za ndani ya sikio ni nyembamba, kwa hiyo jambo hilo huwapata mara nyingi. Mtoto anasikia jina lake, anasikia pikipiki, anasikia mlango. Tofauti ya "ba" na "da" ndiyo inayopotelea humo. Matibabu yalichukua miezi na safari mbili za Dar. Sikio lilipokauka, "ba" na "da" zilimchukua siku tisa.

Nimeanza na hilo kwa sababu kila wiki kuna mzazi ananiuliza programu gani ni nzuri, na mimi jibu langu la kwanza ni swali la yule mwalimu. Pima masikio, pima macho, ndiyo uje tuongee habari za programu.

Programu za aina hii hujipanga kufuatana na mtoto anavyojibu. Akipatia mfululizo, zinampandisha. Akikosea, zinamletea jepesi zaidi, au zinarudia lile lile kwa picha nyingine. Baadhi huhesabu hata sekunde alizokaa kabla ya kugusa. Kwa watoto wetu hii ni neema, sitaki kuificha. Darasa lenye watoto sitini haliwezi kumsubiri mtoto anayehitaji kusikia "ma" mara mia mbili. Kishikwambi kinasubiri. Hakigunii, hakisemi "si nimekufundisha hili jana?" Mimi mama yake nimeshaguna mara nyingi tu, na yeye huniona.

Lakini kinachoonwa na programu ni kidole peke yake. Kidole kimegusa wapi, baada ya muda gani. Haijui kama mtoto hakusikia, hakuona, ana usingizi, ana njaa, anatania, au kweli hajui. Yote hayo kwake ni kosa moja lile lile. Kuyatenganisha ni kazi yako wewe uliyekaa naye mkekani, na ndiyo maana mzazi anayempa mtoto kishikwambi ili akapike namwambia ukweli: hapo umepata nafasi ya kupika, hujapata mwalimu.

Sisi wa Tanga tuna historia na vitu hivi. Kati ya 2017 na 2019 mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutengeneza programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe, yalifanyia majaribio yake mkoani kwetu. Vijiji vilikuwa karibu 170 na watoto karibu 3,000, wengi wao hawajawahi kuingia darasani. Walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Mei 2019 washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, wakagawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Mimi kilichonigusa ni kisa cha Kitkit. Kampuni iliyoitengeneza, Enuma, ilianzishwa na mke na mume, Sooinn Lee na Gunho Lee, watengenezaji wa michezo ya kompyuta kutoka Korea Kusini, nao walianza kazi hiyo baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalumu. Nilipolijua hilo nilielewa kwa nini vitufe vyao ni vikubwa.

Ila shangazi yangu akisema "mbona watoto wa vijijini walijisomea wenyewe bila mwalimu, wewe unakaa naye wa nini?", huwa namjibu kwamba wale walikuwa watoto waliokosa shule. Wangu shule anayo. Anachohitaji ni mtu wa kumtafsiria mashine, na wa kuitafsiria mashine yeye.

Tuanze na mkono. Mwanangu misuli yake ni legevu, kwa hiyo kila akinyoosha kidole, kiganja nacho kinalala kwenye kioo. Programu inapokea kiganja kama jibu. Mtoto anajua kabisa kuwa mbuzi ni yule wa kushoto, kidole kiko njiani kinakwenda, kiganja kimeshagusa ng'ombe. Kosa! Nilikuja kugundua siku nilipoinama kutazama kwa ubavuni, si kwa juu. Mama mmoja tuliyekuwa tukikutana kliniki ya mazoezi akanifundisha dawa: chukua soksi nyepesi ya zamani, ikate tundu la kidole cha shahada, mvishe mkononi. Kioo kwa kawaida hakisikii kitambaa, kinasikia ngozi. Kishikwambi kisilale chini. Kiegemeze kwenye boksi la viatu kiwe na mwinuko, na chini ya kiwiko weka kanga iliyokunjwa. Siku ya kwanza ya soksi alipanda ngazi mbili. Hakuwa amejifunza kitu kipya tangu jana yake.

Vifaa vingi pia vina sehemu ya ufikivu (Accessibility) kwenye mipangilio. Ingia humo uone kama unaweza kukiambia kifaa kipuuze miguso ya harakaharaka, au kisipokee mguso mpaka kidole kikae kidogo. Na tafuta namna ya kukifungia kwenye programu moja, maana mtoto wangu kwa kidole hicho hicho legevu aliwahi kumpigia simu fundi cherehani saa tano usiku.

Halafu kuna kubahatisha, na hapa wazazi tunajidanganya sana. Kama swali lina picha mbili, mtu aliyefumba macho kwa wastani atapata 5 kati ya 10. Picha zikiwa nne, atapata 2 au 3. Kwa hiyo mtoto akipata 6 kati ya 10 penye picha mbili, usipige vigelegele bado. Tazama anagusa wapi. Wangu kwa miezi alikuwa mtu wa kulia: jibu likiwa kulia amepata, likiwa kushoto amekosa, na programu ikaona nusu kapata, ikamganda pale pale katikati, haimpandishi wala haimshushi. Siku hizi nikiona kulia mara tatu mfululizo nafunika kioo kwa kiganja changu, namwambia, "Sikiliza kwanza." Sauti ikishatoka ndiyo naondoa mkono. Kitu kidogo hicho, lakini kimetusaidia kuliko masomo yote ya bando tulilonunua mwezi ule.

Kuna kosa jingine ambalo mpaka leo linanichekesha. Programu yetu ya kwanza ukipata inakupa nyota, ukikosea inapiga sauti ya chura anayetumbukia majini. Nyota na chura, mtoto wa miaka saba atachagua nini? Akawa anatafuta jibu lisilo sahihi kwa makusudi, na analipata kila mara, maana ili umpate chura kila mara ni lazima ujue jibu! Programu ikasema hajui kitu. Tukahama. Kabla hujampa mtoto programu yoyote, icheze mwenyewe na ukosee makusudi, usikie kukosea kunalipa nini.

Na usichanganye watoto kwenye akaunti moja. Dada yake wa darasa la nne aliingia kwenye ya mdogo wake Jumamosi moja mvua ikinyesha, akafumua ngazi kumi na moja. Jumapili mwenye akaunti anafungua, anakuta kutoa kwa kukopa. Alikitazama kishikwambi, akanitazama mimi, akakirusha. Ufa wa kioo upo hadi leo. Kila mtoto awe na akaunti yake na picha yake, yako iwe na nywila, na kama programu ina njia ya kurudisha ngazi, ijue kabla hujaihitaji.

Za bure zenye matangazo achana nazo. Mtoto wetu hatofautishi tangazo na swali. Kitu kimeng'aa, anagusa. Kile kifaa cha kwanza nilikinunua Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa muuzaji aliyeniapia ni "maalumu kwa watoto", kumbe kimejaa michezo ya matangazo mpaka pa kuweka somo hapana. Tafuta inayofanya kazi bila intaneti, ipakue siku moja kwa bando la mtu, kisha zima data. Na iwe ya Kiswahili, inayoanza na sauti na silabi. Zile zinazoimba herufi kwa Kiingereza zitamfundisha kwamba "a" inaitwa "ei" na "e" inaitwa "i", na mtoto aliyechelewa kusema huna haja ya kumtwisha mzigo huo wa pili wakati wa kwanza hajautua.

Sasa lile lililonisumbua kuliko yote. Mwanangu alikuwa anahesabu maembe matano kwenye kioo bila kukosea, siku kumi mfululizo. Nikamtuma jikoni: "Niletee vijiko vitano." Akaleta viwili. Nikasema labda hakusikia. Nikamwekea vitumbua kwenye sahani, hesabu mwanangu. Akavigusa kimoja kimoja kwa kidole cha shahada, taratibu, kisha akasubiri. Nilikaa sekunde kadhaa sielewi anasubiri nini. Alikuwa anasubiri kitumbua kitamke namba.

Kwenye kioo kila embe likiguswa linasema lenyewe "moja", "mbili", "tatu". Yeye alichojifunza ni kugusa. Kuhesabu alikuwa anahesabu kishikwambi.

Tangu siku hiyo somo letu lina sehemu mbili na ya pili haikosi. Dakika kumi za kioo, halafu kioo kinazimwa na lile lile tunalifanya kwa vitu: vizibo vya soda, kokwa za ubuyu, vitumbua kama vipo. Nikigusa mimi anatamka yeye, kisha anagusa na kutamka mwenyewe. Programu ikimpandisha ngazi na vizibo vikisema bado, nafuata vizibo. Namrudisha mwenyewe.

Muda wetu ni dakika kumi baada ya chai na kumi kabla ya adhana ya Alasiri. Adhana ikianza kishikwambi kinalala, na kwa kuwa si mama aliyekilaza, hakuna ugomvi. Wenye watoto wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2019 linasema wa chini ya miaka miwili wasikae kwenye kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku. Mtoto aliyechelewa kusema mimi ningempunguzia hata hiyo, maana maneno anayapata kwa watu.

Mama mkwe wangu alikuwa hakitaki kabisa. "Mjukuu wangu mnamlisha taa," alikuwa akisema. Sikubishana naye, nilimwomba awe mtu wa vizibo. Anahesabu kwa Kidigo, mtoto anajibu kwa Kiswahili, na ukiwauliza wote wawili wanaelewana.

Kitu cha mwisho ni daftari. Ripoti ya programu itakuambia asilimia, haitakuambia sababu, kwa hiyo sababu iandike wewe, mstari mmoja tu kwa siku, na ukienda kwa mwalimu au kwa daktari peleka daftari pamoja na kishikwambi. Langu ni la kurasa 96 na limeshajaa mafuta ya taa na uji. Juzi programu imeandika asilimia 40, imemshusha ngazi. Mimi nimeandika: "Kulia mara sita. Mafua tangu jana. Anajivuta sikio la kushoto." Tuna miadi Alhamisi.