Mchicha wa Brixton na maji niliyotaka kuyamwaga

Mhariri, swali lenu la wiki limenigusa penye donda. Mmeuliza kama mboga ya majani ikiungwa kwa viungo vya Karibi bado ni chakula chetu. Mimi niliwahi kumpikia shangazi yangu, kule Tanga, mchicha wa viungo vya Jamaika. Alionja kijiko kimoja, akasogeza sahani, akaniambia nimesahau kwetu. Ni miaka saba sasa na neno lile halijanitoka, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Hilo neno "chetu" ndilo linalonikera. Pilipili asili yake ni Amerika, na nyanya vilevile. Muhogo, ambao majani yake tunayatwanga tukala kisamvu, Wareno ndio walioutoa Brazili. Karafuu ya Unguja na Pemba ilipandwa huko karne ya 19. Ugeni peke yake haumtoi mtu jikoni.

Niliingia London mwezi wa Januari, nikapanga chumba Brixton. Miezi saba nilikula spinachi ya pakiti, ile inayonywea hadi kikombe kizima cha majani kinakuwa tonge moja. Agosti, sokoni Electric Avenue, nikaona mafungu yenye mashina manene na majani mapana, kibao chake kimeandikwa "callaloo". Nilivunja jani nikalinusa. Mchicha! Wakenya wengine wangeuita terere. Nikanunua mafungu matatu, na kwenye ngazi nikakutana na jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kijamaika aliyekuwa anakaribia miaka themanini. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kula kalalu. Nikamwambia huu ni mchicha, nimekulia juu yake. Akanitazama sana, kisha akasema nishuke nao Jumamosi asubuhi.

Jumamosi nilishuka. Mimi nilizoea kuchuma majani na kutupa mashina. Yeye alianza na mashina. Alishika moja, akabana ncha kwa kisu kidogo, akavuta, na ngozi ikatoka ndefu kama uzi, kisha upande wa pili, hadi shina likabaki jeupe-kijani, linang'aa kwa maji yake. Akanipa kisu. Tulimenya mashina kwa karibu saa nzima na hatukuzungumza mengi. Akayakata vipande vidogo na kuyaweka kando, kwa sababu yanatangulia sufuriani kabla ya majani. Nilihesabu moyoni mashina niliyotupa tangu utoto, nikaona haya mbele ya mama yangu, ambaye alinunua kila fungu kwa pesa ya kuhesabu.

Majani aliyaloweka kwenye maji ya chumvi ili wadudu watoke, akayasuuza, akayakatakata. Mimi nikabandika sufuria ya maji, nichemshe kwanza halafu nimwage, kama nilivyozoea. Alinishika mkono. "Unamwaga nini, mwanangu?" Kisha akaepua sufuria yangu.

Alikaanga kitunguu maji, kitunguu saumu, vitunguu vya majani vilivyopondwa kidogo kwa ubapa wa kisu, nyanya moja, na vijiti vitatu vya thaimu mbichi, ile yenye majani madogo ya kunukia. Yakafuata mashina, kisha majani pamoja na maji yaliyoshikamana nayo tu, bila kuongeza hata tone. Juu akalaza pilipili mbuzi moja nzima. Wao wanaiita kwa jina la kofia ya Waskoti, kwa umbo lake. Akafunika, akapunguza moto, akanikataza kukoroga kwa nguvu: pilipili ikae nzima, itoe harufu isitoe ukali, kisha itolewe. Pembeni alikuwa na samaki wa chumvi aliyemchemsha na kumchambua. Nilipomwonja nilikumbuka ng'onda, samaki wetu wa kukaushwa. Tulikula na ndizi mbichi za kuchemsha, na nililia, nasema kweli, kwa sababu sikuwa nimekula asubuhi ya namna hiyo tangu niondoke nyumbani.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa ndiyo, bado ni chakula chetu, na nilikaa kuandika nikitaka shangazi alisome. Lakini kuyaandika hayo ya juu kumenilazimisha kukumbuka nilichompikia yeye hasa. Thaimu mbichi sikuwa nayo. Nilikuwa na chupa ya unga wa viungo niliyoinunua dukani, ule wa kupaka kuku wa kuchoma, wenye sukari na pimento iliyosagwa, zile punje zinazonukia kama karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Nikanyunyiza vijiko viwili, kisha nikamalizia kwa tui zito. Mashina nilitupa, maana nilikuwa na haraka. Jirani yangu asingekitambua chakula kile. Shangazi naye hakukitambua, na leo nakubali alikuwa na haki.

Simaanishi kwamba nazi na viungo vya kule havipatani. Trinidad wanapika kalalu ya majani ya magimbi kwa bamia, tui, thaimu na kaa, na ni chakula chao kikubwa cha Jumapili. Ila wanajua mizani yake, na wanayaivisha majani hadi yalainike kabisa, maana yakiwa nusu mbichi yanawasha koo. Mimi nilichanganya vitu viwili ambavyo sikuvijua vizuri.

Basi jibu langu limekuwa hili: kwa majani ya kukaanga bila tui, ndiyo, weka thaimu, weka pilipili nzima, usimwage maji. Kwa mchicha wa nazi wa Tanga, hapana, angalau si kwa mkono wangu, na ule unga wa chupa uende kwa kuku. Asiyekubaliana nami kuhusu nazi huenda ana mkono mzuri kuliko wangu, sitabishana naye.

Desemba naenda nyumbani. Nitamenya mashina mbele ya shangazi, nipike bila tui, na nazi nitaiacha karibu na mbuzi, ikiwa hatapenda nimkunie.